Vitabu vipo kabatini, watoto wanachungulia dirishani. Nianzie wapi?

Mwl_Chamwino:
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo, hasa kwa walimu wenzangu na wakutubi.

Nafundisha darasa la tatu, shule moja ya msingi ya serikali huku Chamwino, Dodoma. Mwezi uliopita nilikabidhiwa ufunguo wa chumba kinachoitwa maktaba. Ukweli ni stoo: kabati mbili za mbao, maboksi tisa sakafuni, majembe na ngoma za shule. Nimekaa humo jioni tatu nikihesabu. Nikiviweka kando vya kiada, vya hadithi ni 412. Vingine kurasa bado zimegandana, havijafunguliwa tangu vitoke kiwandani. Na 37 vimeliwa na mchwa, ukikishika kimoja kinakumwagia udongo mapajani.

Jioni ya pili binti mmoja wa darasani kwangu alisimama dirishani, kaegemeza kidevu kwenye nondo. Nikampa kitabu cha kurasa 16 chenye picha ya mbuzi jaladani. Akakaa palepale kizingitini, kidole mstarini, anasoma silabi kwa silabi, akifika mwisho anarudi mwanzo. Kwao wanaongea Kigogo, Kiswahili anakipata shuleni na redioni. Alikisoma mara nne. Kunirudishia, akaniuliza: "Mwalimu, huyu mbuzi alipatikana?" Nikafungua nyuma, ukurasa wa mwisho haupo. Mchwa. Sikuwa na jibu la kumpa, na usiku ule sikulala vizuri.

Nimemwomba mkuu wangu watoto waazime waende navyo nyumbani. Hakunijibu vibaya. Anasema hiyo ni mali ya umma, vikipotea ni yeye atakayeulizwa, basi wasomee humohumo. Sasa chumba hakina dawati hata moja na darasani nina watoto 84. Tukiwapima KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akasuasua tunamlaumu mzazi, ilhali kitabu anachokigusa ni cha kiada tu, tena wanakishika wanne.

Niviazimishe vipi bila kuvipoteza?

Mdau_Kibaigwa:
Pole mwalimu, ila mkuu wako ana hoja. Shule aliyosoma mwanangu waligawa vitabu hovyo, tukavikuta sokoni vinafungiwa karanga. Ukitoa, toa kwa mpango.

Mstaafu_Mpwapwa:
Mwanangu, nimesoma habari ya huyo binti mara mbili. Nilianza kushika chaki 1978, UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ina mwaka mmoja tu tangu ianze, watoto wamejaa hadi wanakaa madirishani. Vitabu vya hadithi vilikuwa haba kiasi kwamba nilivisoma kwa sauti mimi mwenyewe, darasa zima likisikiliza. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza 1991 ndipo nilipoanza kuona vitabu vya Kiswahili vyenye picha vilivyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa huku. Kwa hiyo ukiniambia 412 vimefungiwa, naumia.

Nikueleze nilivyofanya. Kwanza mchwa. Miguu ya kabati itie kwenye makopo yenye oili chafu, wape mafundi pikipiki dumu dogo watakujazia bure. Kabati isiguse ukuta. Maboksi yasilale sakafuni hata usiku mmoja, Dodoma hii mchwa hawamsubiri mtu.

Pili, wazazi kabla ya watoto. Kaa na kamati ya shule, halafu uwaeleze wazazi kwenye mkutano wao, na vitabu viwe mkononi mwako. Waache wavishike. Mimi nilimwita mtoto wa darasa la pili akasoma mbele yao ukurasa mmoja. Baba yake alisimama akavua kofia. Baada ya pale kina mama walishona mifuko ya viroba vya unga, kila mtoto wake, na kitabu kikawa kinasafiri ndani ya mfuko huo. Vumbi halikiingii, na mtoto akipita njiani kila mtu anajua amebeba kitabu cha shule. Huyo wa karanga atakiuza vipi?

Tatu, usiazimishe Ijumaa. Jumamosi mtoto yuko machungani au shambani na kitabu ambacho hajaanza kukisoma kitaishia juu ya jiwe. Toa Jumanne, kirudi Jumanne.

Kitakachorudi na doa la mlenda usimchape mtoto. Doa lile linakuonyesha kitabu kilikuwa wazi wakati wa chakula.

Mkutubi_Dom:
Shikamoo mzee, umemaliza karibu yote. Naongeza ya ofisini, maana hofu ya mkuu ni ya karatasi.

Mwalimu, fungua rejesta mbili. Moja ya mali: namba ya kitabu, jina, tarehe ya kupokelewa, na safu ya mwisho ya hali yake, yaani kizima, kimechakaa au kimepotea. Mkuu asaini kila mwisho wa muhula. Hapo kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kina maelezo, na yeye ana cha kuonyesha akiulizwa. Ya pili ni daftari la kuazima: jina la mtoto, namba ya kitabu, kimetoka lini, kimerudi lini. Mtoto aandike jina lake kwa mkono wake.

Panga kwa rangi tatu za selotepu mgongoni: sentensi moja kwa ukurasa, aya fupi, hadithi ndefu. Wape watoto wanne wa darasa la sita kazi ya kurudisha vitabu rafuni, wataipenda. Na anza na kidogo, labda vitabu 30. Nilipokuwa chuo cha ukutubi Bagamoyo tulifundishwa mengi ya kuainisha, lakini kwa shule ya msingi rangi zinatosha.

Fika pia maktaba ya mkoa pale mjini, waeleze hali yako. Kushauri shule ni sehemu ya kazi ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Mama_Kizota:
Mimi mzazi tu. Mwanangu akisoma kwa sauti nami najifunza. Msituogope.

Mwl_Chamwino:
Asanteni mno, na shikamoo mzee wangu. Nimerudi kutoa taarifa. Mkuu alizisoma rejesta zote mbili, akakubali vitabu 30, darasa langu tu. Makopo ya oili yapo. Mifuko imeshonwa 22, mingine inakuja.

Boksi la saba nilikuta nakala nyingine ya mbuzi, nzima. Ikawa namba 1 kwenye daftari, na binti ameandika jina lake kwa herufi kubwa zikavuka mstari.

Jana ilikuwa Jumanne. Vimerudi 29. Kisichorudi ni namba 1. Anasema bibi yake hasomi, kila jioni anataka asomewe tena na afafanuliwe kwa Kigogo, na jana asubuhi alimwambia asikibebe kwanza. Nimemwongezea wiki.

Swali langu sasa: wenzake 11 wanakisubiri hicho hicho. Kuna mwenye nakala?