Mjadala: Je, tuendelee kuambiana kwamba glasi moja ni dawa ya moyo?

Wakuu, salaam. Mjomba wangu ana ugonjwa wa moyo, na kila jioni hujimiminia glasi ya mvinyo "ya kuzibua mishipa". Safari hii kaja na sayansi. Mwaka 2008 timu ya Daria Mochly-Rosen, Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha kuwa mioyo ya panya iliyopewa pombe kidogo kabla ya kukatiwa damu haikuumia sana kama ile isiyopewa. Damu ikikatika, mafuta ya kwenye utando wa mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli) huharibika na kutoa kemikali kali ziitwazo aldehaidi, kama 4-HNE, zinazoganda kwenye protini na kuzilemaza. Kimeng'enya ALDH2, kilichomo humo humo, ndicho huziondoa, na pombe ile ilikiamsha. Mimi napinga bado. Mnasemaje?

Mchangiaji 1: Mjomba kaishia njiani. Pombe yenyewe mwilini hugeuka asetaldehaidi, sumu nyingine, na wa kuiondoa ni ALDH2 huyo huyo. Mfagiaji ni mmoja, unammwagia taka zaidi, kisha unadai umemsaidia!

Mchangiaji 2: Tusiwadharau wazee. Tafiti nyingi zilikuta wanywaji wa kiasi wanaugua moyo kidogo kuliko wasiokunywa. Hilo mnalifutaje?

Mchangiaji 1: Ndugu yangu, kati ya hao "wasiokunywa" wamo walioacha kwa sababu tayari wanaumwa. Utafiti wa China uliochapishwa na jarida la tiba la Lancet 2019 ulikwepa mtego huo kwa kutazama jeni, ikiwemo inayodhoofisha ALDH2, maana jeni unazaliwa nayo. Kadiri unywaji ulivyopanda kwa wanaume, presha na kiharusi vilipanda. Kinga ya kunywa kidogo dhidi ya kiharusi haikuonekana.

Mchangiaji 3: Nipo Guangzhou kibiashara. Rafiki zangu hapa nusu glasi tu, uso mwekundu, moyo mbio. Ndiyo hiyo ALDH2 dhaifu. Zaidi ya theluthi ya watu wa Asia Mashariki wanayo. Jamani, msiwalazimishe kunywa.

Mleta mada: Asanteni. Timu ile ile ya Stanford ilipata kemikali, Alda-1, iliyoamsha ALDH2 bila tone la pombe, na sehemu ya moyo wa panya iliyokufa ikapungua kwa 60%. Basi sifa ni ya kimeng'enya, si ya chupa. Halafu mjomba huweka nitrogliserini chini ya ulimi kifua kikibana. Dawa hiyo nayo huitegemea ALDH2, na ikikutana na pombe presha inaweza kuporomoka ghafla. Leo jioni naanza naye hapo.