Acheni kutuambia "soko limeamua": bei ya petroli na umeme ina watu walioiandikia kanuni

Wakuu, leo nimechoka na nitasema. Kila petroli au umeme ukipanda anatokea mtaalamu kwenye runinga na kusema soko limeamua. Bei ikipangwa kwa amri, anatokea mwanasiasa na kusema amemwokoa mwananchi. Wote wawili wanakwepa swali lile lile: kanuni za soko hili kaandika nani, na zikiharibika analipa nani? Nimefuatilia kisa baada ya kisa, na kila mara anayelipa ni yule mwenye bili mkononi.

Petroli kwanza. Mafuta ghafi yakipanda leo, ubao wa kituo unabadilishwa upesi, na ilhali mafuta yaliyomo kwenye tangi chini ya ardhi ni yale yale yaliyonunuliwa kwa bei ya zamani. Ukiuliza, unajibiwa kwamba muuzaji haangalii alinunua kwa ngapi, anaangalia mzigo ujao atauleta kwa ngapi. Sawa, hoja hiyo naielewa. Sasa ghafi ikishuka, mbona hesabu inageuka? Hapo unaambiwa usubiri wamalize mzigo wa zamani, ule wa bei ghali! Hoja mbili zinapingana kabisa, na zote zinamnufaisha mtu mmoja. Na hili si lawama za madereva tu. Tangu utafiti wa mwaka 1991 kuhusu soko la Uingereza, wachumi wanasema bei ya petroli hupaa kama roketi na hushuka kama unyoya.

Msiniambie hakuna la kufanya. Austria, mwaka 2011, iliweka kanuni kwamba kituo kipandishe bei mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Kushusha ilikuwa ruksa wakati wowote. Australia Magharibi, tangu 2001, kituo kinatangaza leo bei ya kesho, na ikishaanza asubuhi haiguswi kwa saa 24. Hakuna aliyepangiwa faida hapo. Mteja amepewa tu nafasi ya kujua anaingia wapi kabla hajashika pampu.

Na nyie mnaotaka serikali ipige marufuku kupanda kwa bei, nanyi someni historia. Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani aligandisha bei, na udhibiti wa bei ya mafuta ukaendelea kwa sura mbalimbali hadi 1981. Vikwazo vya nchi za Kiarabu vilipokuja mwaka 1973, mafuta yaligawiwa kwa kufuata matumizi ya huko nyuma, kwa hiyo sehemu moja ikawa nayo na nyingine ikakauka. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Baadhi ya majimbo yakaanza kuhudumia magari kwa zamu, leo namba shufwa, kesho namba witiri. Amri ile haikuongeza hata lita moja. Watu walilipa kwa saa zao badala ya pesa zao.

Umeme ndio unaonipandisha damu zaidi, kwa sababu mteja hana pa kukimbilia. Umeme lazima uzalishwe sawasawa na unavyotumika, kila sekunde. Katika masoko mengi ya jumla mitambo hupangwa kuanzia wa bei nafuu, na ule wa mwisho kuitwa ndio unaoweka bei ya wote. Ndiyo maana Ulaya mwaka 2022, gesi ilipopanda vibaya, umeme wa upepo na wa maji nao uliuzwa sokoni kwa bei ya umeme wa gesi. Hispania na Ureno ziliomba ruhusa ya kuweka kikomo kwenye bei ya gesi inayotumika kuzalisha umeme, wakaipata mwaka huo huo. Kanuni iligeuzwa, tena haraka. Kumbe inawezekana!

Sasa angalieni California. Soko lilifunguliwa mwaka 1998: bei ya jumla ikaachiwa huru, ya rejareja ikafungwa. Makampuni ya usambazaji yaliuza mitambo mingi, kisha yakalazimika kununua umeme siku kwa siku badala ya kufunga mikataba ya muda mrefu. Nani alifikiri hilo litakwenda salama? Mwaka 2000 wazalishaji waligundua kwamba ukizuia umeme kidogo, unaobaki unapanda bei kupita ulichopoteza. Wafanyabiashara wa Enron, kampuni ya kuuza na kununua nishati, waliandikisha umeme wa kupitishwa kwenye nyaya ili zionekane zimejaa, halafu wakalipwa kwa kupunguza msongamano huo. Januari 2001 mgawo wa umeme ukaanza. Aprili kampuni kubwa ya usambazaji, PG&E, ikaomba kinga ya muflisi. Juni mdhibiti wa shirikisho akaweka udhibiti wa bei katika majimbo yote ya magharibi, na bei zikatulia. Jimbo lilikuwa limeshasaini mikataba ya miaka mingi kwa bei za juu, na wateja ndio walioilipia.

Miaka 20 baadaye, Texas. Februari 2021 baridi kali iliangusha mitambo na visima vya gesi, na wasimamizi wakaamuru bei ya jumla ikae kwenye kikomo: dola 9,000 kwa megawati-saa. Ifanyeni iwe uniti za nyumbani, yaani kilowati-saa: dola 9 kwa uniti moja. Hita ya kilowati 2 ikiwaka saa moja ni dola 18, na huku watu wanakufa kwa baridi. Waliokuwa na mikataba inayofuata bei ya jumla walipata bili za maelfu ya dola. Mwangalizi huru wa soko alipendekeza bei za saa za mwisho zirekebishwe, kwa kuwa ziliachwa juu baada ya dharura kwisha. Wasimamizi wakakataa. Sehemu ya gharama ikageuzwa madeni ambayo wateja watayalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Nyie mnaofanya kazi za udhibiti na mnasoma uzi huu, sitaki hotuba kuhusu soko huria. Nijibuni haya: kwa nini fomula ya bei isiwekwe hadharani, kipengele kwa kipengele, pamoja na muda wa mwisho wa kushusha bei ghafi inaposhuka? Na bei ya jumla ikivuka kikomo, kwa nini anayelipa kwanza asiwe mzalishaji aliyelipwa ili awe tayari na hakuwa tayari?