Kipindi cha michezo kilichomkatia simu mzee wa 1979

Wakuu, nimesubiri siku mbili hasira zipungue ndipo niandike, na hazijapungua. Juzi asubuhi, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Mtoni ndani ya daladala ya Mbagala, dereva alifungulia kipindi cha michezo cha redio moja ya hapa jijini, ambamo wachambuzi watatu walikuwa wakipanga maajabu makubwa ya mechi za mtoano. Nafasi ya kwanza waliipa Barcelona, iliyofungwa 4-0 na PSG mwaka 2017 kisha ikashinda 6-1 katika marudiano. Hilo sikuwa na ugomvi nalo.

Ndipo mzee mmoja akapiga simu na kuwakumbusha, kwa adabu kabisa, kwamba mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia hapa hapa Dar es Salaam, kwenye Klabu Bingwa Afrika, halafu ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza jinsi watu walivyotoka uwanjani siku ya kipigo bila kusemezana, mtangazaji akamkatiza: "Mzee wangu, hayo hayana hata video, halafu Simba yenyewe ilifika wapi?" Wakacheka, simu ikakatwa, likawekwa tangazo la sabuni. Konda akasonya.

Ilifika wapi? Ni kweli kwamba Simba haikufika hata nusu fainali mwaka ule. Lakini Barcelona nayo ilifika wapi, ikiwa robo fainali tu Juventus iliitoa kwa jumla ya mabao 3-0? Tena Barcelona ilipindua matokeo ikiwa kwake, Camp Nou, ikisukumwa na mashabiki wake, na mabao matatu ya mwisho yakaja kuanzia dakika ya 88, moja likiwa la penalti. Simba iliharibu nyumbani ikaenda kutengeneza ugenini, mbele ya watu waliokwishahesabu kwamba kazi imekwisha.

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaolipwa kuchambua kuchanganya uadimu na uzito. Mwaka 2003 Simba iliifunga Zamalek 1-0 hapa, ikafungwa 1-0 Cairo, ikapita kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti. Kupita kwa matuta si jambo adimu, kila msimu tunaliona. Uzito wake ni kwamba aliyetolewa alikuwa bingwa mtetezi wa Afrika, na Simba ikaingia hatua ya makundi. Nikiulizwa lipi zito, nitataja 2003. Nikiulizwa lipi adimu, nitataja 1979 bila kupepesa macho. Wale watatu walizungumza karibu saa nzima bila hata mmoja kuuliza wanapima kipi.

Na kabla hamjaniita shabiki wa Msimbazi, yaani Simba, mimi ni Mwananchi, mtu wa Yanga. Mwaka 2023 tuliifunga USM Alger 1-0 kwao Algiers katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, na kombe tukalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi ugenini jumla zikilingana, kwa sababu hapa Uwanja wa Mkapa walikwishatufunga 2-1. Bao moja la ugenini nalijua bei yake, sembuse matano.

Tangu juzi nimepiga simu kipindini mara tatu nikitaka mzee yule arudishwe hewani amalizie alichokuwa akisimulia. Mara ya tatu nimeambiwa niache namba yangu.