Saa 3 usiku simu zote zilale sebuleni, za wazazi pia: mnasemaje?

Mama Nasri: Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Nimeweka utaratibu nyumbani: ikifika saa 3 usiku simu zote zinachomekwa sebuleni kwenye ekstensheni moja, yangu, ya baba watoto na ya binti wa kidato cha 2. Hakuna anayeingia nayo chumbani. Baba watoto amegoma, anasema sheria ya mtoto haimhusu mtu anayelipa kodi ya nyumba. Mimi naona mtoto hawezi kunisikiliza nikimwambia aweke simu ilhali yangu inanimulika usoni.

Mkude wa Tabata: Kwa watoto nakuunga mkono. Ila tuseme ukweli, tatizo linaanzia kwa akina mama. Mtoto hajafikisha hata mwaka, anapewa simu aangalie katuni ndipo afungue mdomo ale uji. Akikua hashikiki, mnashangaa nini?

Rehema K: Mkude, hapo umegusa pabaya. Huyo mama ana mtoto mgongoni, sufuria iko jikoni na maji ndiyo yametoka leo, ndoo hazijakingwa. Baba yuko wapi saa hiyo? Yuko kibanda umiza anaangalia mpira.

Mkude wa Tabata: Mpira una dakika 90, refa anapuliza filimbi watu wanakwenda kulala. TikTok nani anapuliza filimbi?

Rehema K: Unaisha, halafu uchambuzi, halafu magoli yaleyale kwenye simu kitandani mpaka saa 7. Usitufanye watoto.

Mwalimu wa Kibaha: Jamani, mada. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo, kama sikosei 2019, kwamba mtoto asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini.

Nesi Zawadi: Mwaka ni huo, mwalimu. Lakini saa moja ni kwa wa miaka 2 hadi 4, tena ikipungua ni bora. Aliye chini ya mwaka haitakiwi akae mbele ya skrini kabisa, kwa hiyo katuni za kulishia uji hazina nafasi. Ule mwongozo ni wa walio chini ya miaka 5, binti wa kidato cha 2 hamumkuti humo.

Rehema K: Kwa hiyo na wewe nesi unatulaumu?

Nesi Zawadi: Simlaumu mtu, dada. Nimesema kilichoandikwa.

Chuma cha Mbeya: Australia wamemaliza kazi, wamepiga marufuku simu kwa watoto. Sisi tunabishana ekstensheni.

Mwalimu wa Kibaha: Si simu, ni akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16. Sheria ilipita 2024, ikaanza kutumika Desemba 2025. Tena mzigo wameubebesha kampuni, mzazi hapigwi faini.

Chuma cha Mbeya: Sawa mwalimu. Ila hapa kwetu mnasahau bando. La bei nafuu ni la usiku, baada ya saa 6. Mwanachuo mwenye hela ya kuungaunga anunue lipi? Mkisema simu zilale saa 3, mnasema maskini asisome.

Mama Nasri: Kama ni kushusha vitabu na video za masomo, aamuru simu ishushe yenyewe pale sebuleni, yeye alale. Anayekesha hakeshi kwa kushusha. Anakesha kwa sababu video ikiisha nyingine inajianza. Nimezima hiyo kwenye mipangilio ya YouTube, nikazima na arifa zote isipokuwa simu za kupigiwa na ujumbe wa kawaida. Binti alinuna wiki nzima, sasa asubuhi anaamka bila kuvutwa shuka. Na kabla hamjaleta ile ya kengele ya kuamka, saa ya mezani ya betri ipo Kariakoo, hata machinga wanayo.

Dereva wa Tunduma: Shemeji, mimi nikikwama mpakani saa 5 usiku nampigia mke wangu. Simu ikiwa sebuleni ataisikia?

Mama Nasri: Iache na mlio, ataisikia. Shida ni ile ya kuishika mkononi gizani.

Mkude wa Tabata: Narudi kwa Rehema, maana amenichora kama baba wa kibanda umiza. Mimi ni mlinzi, saa 3 usiku niko lindoni. Mtoto wangu hajawahi kulishwa kwa simu.

Rehema K: Analishwa na nani?

Mkude wa Tabata: Bibi yake. Akigoma bakuli linafunikwa, kawa juu. Njaa ikimuuma anakwenda kulifunua mwenyewe.

Rehema K: Basi ungeanza na hilo la bibi kabla ya kutushambulia. Bibi wa wanangu yuko Kigoma, mimi niko Mbagala, na saa 12 asubuhi natakiwa niwe kituoni nagombania daladala. Nikirudi jioni nina mikono miwili.

Mkude wa Tabata: Na baba yao?

Rehema K: Uliza kibandani.