Daktari wa riwaya yangu kakosea saa ya kifo? Wajuzi wa hadithi za upelelezi njooni

Kalamu_ya_Usiku: Wakuu, salaam. Marehemu wangu anakutwa kitandani, chumba cha kupanga Kariakoo, mwezi Februari, saa kumi na mbili asubuhi, dirisha limefungwa. Daktari anaugusa mwili, anaukuta wa baridi, anatamka: amekufa saa sita usiku. Muuguzi aliyeusoma mswada ameukataa ukurasa huo. Kosa liko wapi? Na kidokezo nikifiche vipi ili msomaji asikinuse mapema, lakini mwishoni asione amepunjwa?

Mzee_wa_Mswada: Muuguzi yuko sahihi kabisa. Kanuni ya mwili kupoa karibu nyuzi moja kila saa ni ya nchi za baridi. Mwili una nyuzi 37. Chumba kilichofungwa Kariakoo mwezi huo hukaa kwenye 30 hivi hata alfajiri. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo mwili hupoa taratibu mno, na saa sita baadaye kiganja cha daktari hakitakuta ubaridi wowote wa kutegemea.

Mpe vitu viwili vingine. Kwanza kukakamaa: huanza tayani na shingoni baada ya muda wa saa mbili hadi nne, kisha hushuka mikononi na miguuni, na joto huharakisha. Asubuhi hiyo taya limeshafunga na viwiko vinagoma kukunjuka. Pili, damu hutuama upande uliolaliwa. Saa za mwanzo ukibonyeza kwa kidole rangi hukimbia. Zikipita nane hadi kumi na mbili, haikimbii tena. Maiti akikutwa chali huku damu imetuama kifuani, kuna mtu kamgeuza, na hapo riwaya imepata uti wa mgongo. Ila daktari asitaje saa kamili. Aseme "kati ya saa nne na saa nane usiku", mpelelezi ahangaike mwenyewe.

BintiMvita: Ndugu Kalamu, kidokezo umeshakiweka bila kujua: dirisha. Nani Kariakoo analala Februari kafunga dirisha? Ongeza jiko la mkaa. Mjumbe anaingia, analisogeza kwa mguu lisimzuie njia, majivu meupe yanamwagikia sakafuni, sufuria haipo. Sentensi inayofuata mama mwenye nyumba aanze kulalamikia kodi ya miezi mitatu. Msomaji atafuata ugomvi, jiko atalisahau.

Kinachoharibu ni mwandishi kuongeza "jiko lile lilimshangaza". Umeshalipigia tarumbeta! Lione, lipite. Kurasa thelathini mbele lirudi kwa kazi nyingine, labda jirani anadai ni lake, aliazimwa jana yake. Ndiyo faida ya Najum, rafiki wa mpelelezi Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla: anaona yale yale, ila hayaunganishi.

Mkaa ukiwaka chumba kimefungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu (kaboni monoksidi) inayoua, na hewa hiyo hufanya damu iwe nyekundu ya kung'aa. Kwa mtu mweusi usiandike "ngozi iliwiva". Tazama ndani ya midomo, ufizi na kucha.

Mwana_wa_Pwani: Nakazia hapo kwa BintiMvita. Kama marehemu ni Muislamu, wa kwanza kuuona mwili wote kwa utulivu ni waoshaji, si daktari. Mwanamume huoshwa na wanaume (mke naye anaruhusiwa kumwosha mumewe), na kila kiungo hupitiwa kwa maji. Rangi ya ufizi wataiona. Lakini mwosha maiti ana amana ya kusitiri aliyoyaona, kwa hiyo hawezi kuropoka barazani. Mpelelezi wako amwendee kwa adabu, baada ya salamu ndefu, amweleze kwamba kunyamaza kunamlinda muuaji. Onyesho hilo usilikimbize.

Angalia na saa. Shahidi akisema "saa mbili usiku", simu imeandika 20:00. Kosa la kusoma 02:00 mpe mgeni, usimpe askari wa Dar.

Kalamu_ya_Usiku: Ahsanteni sana. Daktari nampunguzia maneno, dirisha linabaki. Mazishi nayaweka baada ya sala ya adhuhuri, kwa hiyo mpelelezi ana muda wa saa saba hivi tu kabla ya udongo.