Naomba ushauri: mirathi haijagawiwa, kaka ameshakodisha mikarafuu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba alifariki Wete, Pemba, kaacha mjane (mama yetu), wavulana wawili na sisi wasichana watatu. Babu na bibi walishatangulia. Hesabu yenyewe nyepesi: mafungu manane, mama moja, kila msichana moja, kila mvulana mawili. Hapo hatugombani.

Tatizo ni shamba. Mama hata eda hajamaliza, kaka mkubwa kakodisha mikarafuu yote kwa mtu wa Chake Chake. Wachumaji wameingia, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba na makonyo (vikonyo vya karafuu) yamerundikwa ukutani, mama anazitazama tu. Ukimuuliza kaka, anasema pesa kamlipia marehemu madeni. Sawa, deni hutangulia mirathi, lakini madeni gani? Daftari la duka la baba ninalo mimi, na sioni deni la kufikia kodi ya shamba zima. Eda ingemalizika kwanza, jamani!

Wenye uzoefu nisaidieni. Naweza kufungua shauri Mahkama ya Kadhi bila kaka kukubali, au nianzie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana? Hiyo kodi aliyokwisha kuipokea, inaingizwa kwenye tarika (mali aliyoacha marehemu)? Na huyu aliyekodi, ambaye hana kosa, tumwache amalize msimu?

Wajomba wanataka tukae kikao kwanza. Mie siwapingi, ila nataka kila kitu kiandikwe na mashahidi watie saini.