I2C ao SPI kwa BME280? Sensa yangu inanyamaza

Fundi_Ibanda (Bukavu): Ndugu zangu, salamu. Ninatengeneza kituo kidogo cha hali ya hewa: ESP32 (chipu inayoongoza kituo), BME280 (sensa ya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa), na kadi ya SD ya kutunza vipimo. Sensa ilikuwa inajibu vizuri kwa I2C (njia ya mawasiliano ya waya mbili), anwani 0x76 (namba yake kwenye waya hizo). Tangu niunganishe kadi, inanyamaza. Nabonyeza riseti, kimya. Nikikata kuran (umeme) na kuirudisha, inajibu, halafu kadi ikianza kuandika, kimya tena. Nibaki I2C ao nihamie SPI, ile njia nyingine yenye waya zaidi ambayo kadi inaitumia?

Dada_Himbi (Goma): Pole kaka. Pini ya CSB iko wapi? Kwenye BME280 pini hiyo ndiyo inayochagua kati ya I2C na SPI. Ikiwa juu (3.3 V), ni I2C. Ikishuka chini (0 V) mara moja tu, hata bila pigo la saa (ishara ya kupanga mwendo wa data), I2C inafungwa mpaka sensa ikatiwe kuran. Riseti ya ESP32 haisaidii, maana sensa inabaki na kuran yake.

Fundi_Ibanda: Nimeangalia. Iko GPIO 5 (pini ya ESP32), pamoja na CS ya kadi, ile pini ya kuichagua inayoshuka chini kila kadi ikiandika!

Katuba_Waya (Lubumbashi): Basi hamia SPI. Kadi iko huko tayari: inaamka katika hali yake ya SD, inaingia SPI ikipokea CMD0 (amri ya kuanza upya) huku CS iko chini, na haitoki humo mpaka kuran ikatike. Zote mbili zitumie waya zilezile tatu, ila kila moja na CS yake. Tena kwa SPI sensa inafika mwendo wa 10 MHz.

Dada_Himbi: Kaka, kituo kinapima mara moja kwa dakika, mwendo huo utamfaa nini? Tena sensa inakaa nje, mbali kidogo na kadi. Mimi ningechagua I2C, waya mbili. Ila kebo iwe fupi, kwa sababu I2C ya kawaida inavumilia 400 pF tu (chaji inayoshikwa na waya, na kebo ndefu inaiongeza). Yangu nilichomelea CSB moja kwa moja kwenye 3.3 V. Inasoma mgandamizo wa hewa wa karibu hPa 850, kawaida kwa kimo chetu cha mita 1,500 hivi.

Katuba_Waya: Kwa sensa ya nje nakubali. Lakini SDO nayo, pini inayochagua anwani, usiiache hewani, anwani itayumba. Kwenye GND (0 V) ni 0x76, kwenye 3.3 V ni 0x77.

Fundi_Ibanda: Nimechomelea CSB kwenye 3.3 V na SDO kwenye GND. Kadi inaandika tangu asubuhi na 0x76 inajibu kila dakika. Asanteni sana.